Kuishi na kutibiwa katika nyumba ya watu wenye ulemavu, Tanga: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ya wazazi, bibi, mashangazi na kaka wanaotupigia simu au wanaofika getini wakiwa na mtu wao. Wengi ni wa hapa hapa mjini, Ngamiani, Makorora, Duga. Wengine wameshuka Kange kutoka Handeni, Muheza, Lushoto au Mkinga. Tumeyaandika kama yanavyoulizwa, na majibu ni yale yale tunayoyatoa ana kwa ana.

Mnampokea kila mwenye ulemavu?

Hapana, na ni vizuri ulijue hili kabla hujalipa nauli. Wanaolala hapa ni vijana waliokwisha kuvuka umri wa shule na watu wazima: wenye ulemavu wa akili, mtindio wa ubongo, usonji, sindromu ya Down, na baadhi yao wana kifafa juu ya hayo yote. Mtoto mdogo hatumlazi. Mtoto anamhitaji mama yake na watoto wenzake wa mtaani, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unakataza katika kifungu cha 23 mtoto kutenganishwa na wazazi wake kwa sababu ya ulemavu. Watoto huja asubuhi na wazazi, wanafanya mazoezi, mama anafundishwa la kufanya nyumbani, wanarudi kwao.

Hata kwa mtu mzima, tunaanza kwa kuuliza kama anaweza kubaki kwao akisaidiwa. Mara nyingi inawezekana. Familia imeshindwa kwa sababu kitimwendo hakipatikani, dawa ya kifafa inakatika kila mwezi, au dada mmoja anabeba yote peke yake na hana wa kumpokea. Hayo yanaweza kutatuliwa hapo hapo mtaani, na wa kumwona kwanza ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Bila barua yake hatufungui faili.

Tuje kwenu au tuende Lutindi?

Inategemea shida. Mtu aliyekuwa mzima, akaanza kusikia sauti, halali, anawahofia hata ndugu zake, huyo ni mgonjwa na ugonjwa wake una dawa. Lutindi, kule milimani Korogwe, wanatunza wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Ulemavu wa akili huanza kabla ya kuzaliwa au utotoni. Mtu hujifunza polepole maisha yake yote, na hakuna kidonge cha kuuondoa. Wapo wenye vyote viwili. Kama hujui ni kipi, anzia hospitali ya Bombo. Akishapimwa ndipo tuzungumze.

Akikaa kwenu atapona? Atatembea?

Tunajua swali hili limebeba nini, kwa hiyo tunalijibu bila kuzungusha. Mtindio wa ubongo hauponi. Ubongo uliumia wakati bado unakua, pengine kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti, manjano makali ya siku za kwanza, au malaria iliyopanda kichwani, na sehemu iliyoumia hairudi. Lakini jeraha lenyewe haliendelei kukua. Kinachozidi kuharibika ni mwili usiposhughulikiwa: msuli uliokaza bila kunyooshwa hufupika, goti halikunjuki tena, nyonga huchomoka polepole mahali pake, mgongo unapinda hadi mapafu yanabanwa. Haya ndiyo yanayomtesa na kumfupishia maisha, na mengi yake yanazuilika.

Mtoto aliyeweza kukaa bila kushikwa kufikia miaka 2 ana nafasi nzuri ya kutembea. Kijana wa miaka 15 ambaye hajakaa, hatumwahidi mama yake miguu. Tunamwahidi kazi: ya kumkalisha vizuri, kushika kijiko, kujigeuza kitandani, kusimama sekunde chache wakati anavalishwa suruali. Anayeona hilo la mwisho ni dogo hajawahi kumvalisha mtu wa kilo 60 asiyeweza kusimama. Kwa mama mwenye mgongo unaouma, sekunde 10 za mwanawe kusimama zinaweza kuamua kama ataendelea kumlea au atashindwa.

Anayekuuzia sindano au mafuta ya kuponya mtindio anakula fedha yako. Fedha hiyo ingemnunulia mwanao kiti.

Tiba yenyewe ni ipi? Nimekaa saa mbili sijaona mashine.

Hakuna mashine kubwa hapa. Ipo mikeka, mito ya kila ukubwa, fremu za kusimamia alizotuchongea seremala, na vyuma viwili sambamba vya kujifunzia hatua. Mtaalamu wa fiziotherapia anashughulika na misuli na viungo. Wa tiba kwa vitendo anashughulika na kazi za siku, kula, kuvaa, kwenda msalani. Hao ndio wanaopanga. Wanaotekeleza ni walezi, kila siku, tangu kuamka, kwa sababu saa moja ya mazoezi mara mbili kwa wiki haiwezi kushindana na saa nyingine zote ambazo mtu amekaa amejikunja.

Kwa hiyo siku nzima imepangwa kwa jicho la tiba. Kabla ya kumwinua mtu aliyekaza, mlezi hunyoosha mguu wake taratibu, hushikilia kama nusu dakika, husubiri msuli uachie. Ukivuta kwa haraka msuli unakaza zaidi. Hili tunalirudia kwa kila mlezi mpya hadi liingie mikononi mwake. Bafuni, anayeweza kujisugua mkono mmoja anajisugua huo mmoja, hata ikichukua robo saa. Katika kuvaa shati, mkono dhaifu unatangulia. Katika kuvua, ndio unaomalizia. Wasioweza kujigeuza hubadilishwa mkao kila baada ya saa mbili, usiku pia, maana kidonda cha kulala huanza kama doa lenye joto kwenye makalio au kisigino, na likiachwa hufika mfupani. Majira ya kaskazi, jasho likizidi, ngozi tunaikagua mara nyingi zaidi na maji ya kunywa tunayapitisha bila kusubiri mtu aombe. Wengi hawawezi kuomba.

Nimemkuta mwanangu anakuna nazi. Mimi nilimleta kwa tiba.

Ile ndiyo tiba yake, na swali lako tunalipenda. Vijana wengi wenye mtindio wana mapaja yanayovutana kwa ndani, hadi miguu inapishana kama makali ya mkasi. Akikaa juu ya mbuzi, mapaja yanaachana na yanabaki hivyo muda wa nazi nzima. Mgongo unalazimika kujisimamisha, maana hakuna pa kuegemea. Mikono yote miwili inashika kifuu, pamoja na ule dhaifu ambao siku nzima husahauliwa mapajani. Mtaalamu angeweza kumkalisha kwenye gogo la sponji na kumwambia asukume mkono mara 20. Angesukuma mara 5 akachoka. Nazi anaimaliza, kwa sababu kuna watu wanasubiri wali.

Mbuzi si ya kila mtu. Meno yake ni makali, mlezi hukaa pembeni, na mwenye kifafa ambacho hakijatulia hakai pale kabisa. Huyo atapewa ungo achambue mchele, kazi inayofundisha kidole gumba na cha shahada kukutana, au atakanda unga wa maandazi, au atasuka ukili. Wengine wanasokota kamba za mkonge. Mkonge umelisha mkoa huu tangu ulipoletwa mwaka 1893, na babu wa wengi wanaoishi hapa walikuwa wakataji mashambani. Mzee akija kumwona mjukuu na kumkuta na kamba mkononi, wanakuwa na la kuzungumza. Tumeona wazee ambao kwa miaka hawakujua waseme nini na mtoto huyu wakikaa naye hadi jua linazama.

Lakini tiba isigeuke utumishi. Kila kazi ina sababu iliyoandikwa kwenye faili, mtu ana haki ya kukataa, na kitu alichokitengeneza kikiuzwa fedha ni yake. Ukimkuta ndugu yako anafagia uwanja mzima peke yake, siku baada ya siku, uliza. Una haki ya kuuliza hapa na katika nyumba nyingine yoyote.

Kwa nini mnawapeleka baharini?

Kwa sababu tunaishi Tanga, na bwawa la maji ya uvuguvugu ambalo nchi nyingine hulijenga kwa gharama kubwa, sisi tunalo. Joto la maji hulegeza msuli, na maji hubeba uzito. Mtu asiyeweza kusimama nchi kavu anasimama maji yakimfika kifuani. Tunakwenda upande wa Raskazone asubuhi, maji yakijaa taratibu. Siku za bamvua hatuingii. Kila mtu ana mlezi wake, mwenye kifafa ana wawili, na asiyetaka maji anakaa mchangani wala hasukumwi. Vijana wa mjini wanaoogelea pale wamewazoea watu wetu na wanawaita kwa majina, jambo ambalo hakuna zoezi linaloweza kulileta.

Anapaliwa kila akila. Tufanye nini?

Hili usisubiri nafasi kwetu, anza leo. Usimlishe akiwa amelala, wala kichwa kikiwa kimerudi nyuma. Akae wima, kidevu kimeinama kidogo, miguu ikanyage kitu. Wewe kaa mbele yake, macho yenu yawe usawa mmoja, ili kijiko kije kutoka mbele na chini. Kikitoka juu atainua shingo na chakula kitapotea njia. Kijiko kidogo, na asubiriwe ameze ndipo kije kingine. Vinavyopalia zaidi ni maji na uji mwepesi. Uji mzito, ndizi iliyopondwa au muhogo wa nazi uliopondwa vizuri kwa kawaida hupita kwa usalama zaidi. Akimaliza abaki wima nusu saa.

Tunasisitiza kwa sababu chakula kinachoingia mapafuni huleta nimonia inayojirudia, na ni moja ya mambo yanayowaua zaidi watu wenye mtindio mkali. Familia husema alikufa kwa kikohozi. Akikohoa kila mlo, au sauti yake inakuwa ya majimaji baada ya kula, au anakonda, mpeleke hospitali.

Ana kifafa. Nyumbani wanasema ni pepo. Tukija kwenu tuache kombe?

Hatujawahi kumzuia mzazi kumsomea mwanawe wala kumnywesha kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, na masheikh na wachungaji wote wanafika hapa. Tunachokataa ni kuacha dawa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa na kuitumia sawasawa. Dawa ikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na mtu anayeanguka mfululizo bila kuzinduka anaweza kufa. Hata akikaa muda mrefu salama, kupunguza ni kazi ya daktari.

Povu haliambukizi. Mtu akianguka, sogeza vitu vigumu, weka kanga chini ya kichwa, mlaze ubavu, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuta usafiri wa hospitali mara moja.

Hasemi. Mtajuaje anachotaka?

Kwa kumtazama, na kwa kukuuliza wewe. Kutosema hakuna maana ya kutoelewa. Katika mtindio wa ubongo wapo wanaoelewa kila neno lakini ulimi na taya haviwatii. Tunatumia ubao wa picha za chakula, choo, maumivu, nyumbani, msikiti, na mtu anaonyesha kwa kidole, kwa ngumi, au kwa macho tu. Mwenye usonji anapangiwa picha za siku yake kwa mfuatano, maana kisichotarajiwa humuumiza kweli. Mwenye sindromu ya Down tunaomba apimwe masikio kwanza. Kutosikia vizuri ni jambo la kawaida kwao, na wengi wameitwa wakaidi bure.

Kuna mtu ametupa kitimwendo. Tuje nacho?

Njoo nacho, tukitazame. Kiti kipana kuliko nyonga zake kitampindisha mgongo. Akikaa, makalio yafike nyuma kabisa, miguu ikanyage, mkanda upite nyongani. Vingi tunavirekebisha kwa mbao na sponji. Na kama barabara ya kwenu ni ya mchanga, magurudumu madogo ya mbele yatakwama, kiti kiwe kizuri namna gani.

Dada yangu ni mtu mzima lakini akili yake ya kitoto. Atakuwa salama?

Tuanze hapo kwenye "kitoto". Dada yako ni mwanamke. Ana hedhi, ana haya, anaweza kupenda. Akichukuliwa kama mtoto hafundishwi kitu, na asiyefundishwa ndiye rahisi kudhurika. Hapa wanawake wanaogeshwa na wanawake, milango ya vyumba vyao inabishwa hodi, na wanafundishwa majina ya viungo vyao na namna ya kusema sitaki, kwa mdomo au kwa ishara. Kubadilisha pedi wengi wanaweza kujifunza kama hatua zinafuatana vile vile kila mwezi.

Baadhi ya familia hutuomba dada afungwe kizazi "ili tusipate aibu". Tunakataa. Kufungwa kizazi hakumzuii mtu kubakwa, kunazuia tu ushahidi. Likitokea jambo, hapa au nyumbani, asiogeshwe, afikishwe hospitali upesi iwezekanavyo na ndani ya saa 72, maana baada ya hapo dawa za kuzuia VVU hazifai tena, kisha dawati la jinsia na watoto la polisi. Lisimalizwe kwa kikao cha wazee na mbuzi wawili. Mtuhumiwa akiwa mfanyakazi wetu, njia ni hiyo hiyo.

Si mnawaficha watu?

Nyumba kama hii inaweza kuwa maficho kama haikuangaliwa. Kifungu cha 19 cha ule mkataba wa Umoja wa Mataifa tulioutaja mwanzoni kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuchagua aishi wapi na na nani, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inataka ahudumiwe katika jamii yake. Kwa hiyo watu wetu wanakwenda soko la Mgandini kununua dagaa, wanakwenda Ijumaa na Jumapili zao, wanaalikwa harusini. Ndugu anafika siku yoyote bila kutoa taarifa. Nyumba inayokuambia uje tarehe fulani tu, saa fulani tu, ichunguze.

Ramadhani na sikukuu inakuwaje?

Asiye na uwezo wa kuelewa saumu hana takalifu, na anayetumia dawa za kifafa mara mbili au tatu kwa siku asifunge bila kuzungumza na daktari. Wapo wanaofunga na wanafurahia sana daku. Idd, Krismasi na Pasaka tunaomba kila mtu aende kwao, hata kwa siku mbili. Anayebaki kwa sababu hakuna aliyemjia, tunaona jinsi anavyolitazama geti. Kama nauli ndiyo shida, tuambie mapema.

Gharama ni kiasi gani?

Kila familia huchangia kwa kadiri ya uwezo wake, na kiasi hupangwa mbele ya afisa ustawi wa jamii. Kwa wanaoweza kufanya biashara ndogo, ulizia halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu.

Naweza kumpiga picha na kuziweka mtandaoni?

Ndugu yako, akikubali, ndiyo. Wenzake, hapana.

Mimi nikifa, nani atamtazama?

Swali hili huulizwa mtu akiwa amekwisha kuaga, mkono kwenye komeo la geti. Zamani wengi wenye sindromu ya Down walikufa wakiwa wadogo. Leo, palipo na huduma nzuri, wanafika miaka 60. Kwa hiyo ni kweli, mama, huenda akabaki baada yako, na ni bora yapangwe ukiwa hai.

Ita kikao cha ukoo. Usiseme "nyote mtamtazama", kwa maana hiyo hakuna atakayemtazama. Taja mtu, na umtaje wa pili. Sehemu yake ya urithi haipungui kwa sababu ya ulemavu, iwe kwa mirathi ya Kiislamu au ya serikali, na iandikwe nani anaisimamia kwa niaba yake. Mzoeze kulala kwingine mapema: wikiendi moja kwa shangazi, wiki moja kwetu, arudi. Aliyelala na mama yake miaka 40 akihamishwa wiki ya msiba anapoteza vyote kwa siku moja, na tumewapokea watu wa namna hiyo ambao walikaa wiki nyingi bila kula vizuri.

Kisha nunua daftari la kawaida, uandike yale unayoyajua wewe peke yako. Kwamba akivuta sikio ni jino linauma. Kwamba chai hanywi bila tangawizi. Kwamba akisikia taarabu ya zamani ya Black Star anatulia hata akiwa na homa. Mjukuu aliyesoma anaweza kukuandikia. Mlezi yeyote, hapa au kwingine, ataanzia kwenye daftari hilo.

Siku ya kwanza nije na nini?

Barua ya ustawi wa jamii, kadi za kliniki na hospitali, dawa zote katika pakiti zake, kadi ya bima na kitambulisho cha NIDA kama anavyo. Shuka au mto anaoulalia, usiofuliwa, ili unuke nyumbani. Daftari, kama umeshalianza. Fika asubuhi, maana mchana ni wa kumpima na kuzungumza, na uje na mtu wa kubaki naye usiku huo. Chumba cha ndugu kipo, chandarua kipo.